Sekunde Tatu za Mzee Stefano

Macho yangu yamestaafu kabla yangu. Nilikuwa nimepanga kukaa kwenye kile kiti cha chumba cha nyuma miaka miwili mitatu zaidi, lakini mwaka huu wa 2015 nimeanza kuona vichwa viwili kwa kila bwana harusi, na fundi wa video anayeona hivyo heri arudi shambani. Vijana wangu mliobaki pale mmeniomba niwaandikie namna ya kurudisha sauti iliyoachana na mdomo. Nitaandika. Ila msitegemee karatasi ya maelekezo yenye namba, maana mimi sikujifunza hivyo. Nilijifunza kwa watu, na aliyenifundisha zaidi ya wote alikuwa hasikii kitu.

Habari za vyeo nitaziacha. Chumba kile kilikuwa na kiti kimoja, na aliyekikalia alikuwa mkubwa na mdogo kwa wakati mmoja.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi redio sokoni Kasulu, miaka mingi kuliko ninayopenda kuhesabu. Simu za mkononi zilipoanza kuimba miziki, watu wakaacha kuniletea redio. Mwaka 2012 Bi. Mwanaidi akaniita. Wote mnamjua: mbele anauza vitenge na khanga, nyuma ana studio ya picha za pasipoti na video za harusi. Kwao ni Pangani, na hata baada ya miaka yote aliyokaa hapa milimani bado anavaa sweta mwezi wa sita kana kwamba kuna theluji. Alikuwa amejifunza kompyuta Dar kwa kaka yake, akaona watu wana mikanda ya video majumbani huku deki zinakufa moja baada ya nyingine. Akataka mtu wa kuhamisha mikanda ile kwenda kwenye diski.

Siku ya kwanza nilifika na bisibisi zangu mfukoni. Akazitazama, akacheka.

"Fundi Laurenti, hapa hakuna cha kufungua bwana. Kaa, tazama."

Akatia mkanda wa harusi kwenye deki. Akachomeka waya tatu nyuma ya kompyuta: wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti. Bibi harusi akatokea kwenye kioo, na chini yake sauti ikaanza kujichora yenyewe, vilima na mabonde, vilima na mabonde. Vigelegele vilikuwa mlima. Padri alikuwa tuta la viazi. Mimi nilikuwa nimetengeneza sauti maisha yangu yote kwa kusikiliza tu, sikuwahi kuiona. Nilimwomba Bi. Mwanaidi arudishe nyuma, nikaitazama ile milima ikipita tena. Akaniachia nirudie mara nne, na hapo ndipo nilipomheshimu.

Sasa kazi yenyewe. Bi. Mwanaidi alinifundisha kwamba sauti na mdomo huugua magonjwa mawili, na fundi asiyeyatofautisha huua mgonjwa. La kwanza ni sauti kuchelewa au kutangulia kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo ni jepesi: unashika sauti nzima, unaisogeza, umemaliza. La pili ni baya. Mwanzoni sauti na mdomo vinakwenda pamoja, halafu vinaachana kidogokidogo, na kufikia wakati wa kukata keki mtu anacheka huku mdomo umefungwa. Hili linatoka kwenye kuingiza mkanda. Kompyuta ikizidiwa, au ikikutana na picha mbovu, inaziruka picha kadhaa kimyakimya. Sauti hairuki. Basi picha inakuwa fupi kuliko sauti, na sauti inabaki nyuma. Ukiisogeza sauti yote mbele ili mwisho ukae sawa, umeharibu mwanzo.

Dawa mnazijua. Futa kichwa cha deki kwa spiriti kabla ya kila mkanda. Funga programu nyingine zote, hata kama una hamu ya kucheza karata. Ingiza mkanda vipande vya dakika kumi, usiumeze wote kwa mkupuo. Na kabla ya kuchoma diski, tazama.

Mwaka ule wa kwanza nilikuwa sitazami vya kutosha. Kulikuwa na kwaya moja kutoka Kibondo, watu wanyofu kabisa, walioniletea mkanda wa ibada yao. Niliwachomea diski ambayo "Amina" ya waumini ilitangulia kabla mchungaji hajafumba macho. Mwenyekiti wa kwaya alisafiri kutoka Kibondo kuja kuniambia, kwa upole mkubwa, kwamba kanisani kwao hawana haraka kiasi hicho. Ule ulikuwa ugonjwa wa kwanza, na niliutibu akiwa amekaa pale pale anakunywa chai.

Ugonjwa wa pili ulinitesa karibu mwaka mzima, mpaka siku moja nilipogundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya pua yangu tangu nizaliwe. Ili kulinganisha sauti na picha unahitaji tukio fupi, kali, linaloonekana na kusikika kwa wakati mmoja. Wenye sinema zao wana ubao wa kugonga. Sisi hatukuwa na ubao. Nikawa nahangaika na midomo ya wapambe. Basi nikaingiza mkanda wa posa moja ya huku Kitanga, nikawaona wazee wetu wanasalimiana. Nyie mnajua sisi Waha tunavyosalimiana: mtu anainama, "Mwakeye," anapiga makofi taratibu, anajibiwa kwa makofi, anauliza habari za nyumbani, makofi, za ng'ombe, makofi, za mvua, makofi. Na kwenye vilima vya sauti, kila kofi lilisimama peke yake, jembamba na refu.

Nilimwita Bi. Mwanaidi kutoka mbele. Alikuja na futi yake ya kupimia vitenge shingoni. Nikamwonyesha viganja vikikutana na kilima kikichomoka pale pale.

"Subhanallah," akasema. "Kumbe miaka yote hii mnapiga makofi kwa ajili ya kazi yangu."

Tangu siku hiyo kila sherehe ya Waha ilikuwa na ubao wake wa kugonga. Makofi ya kukaribishana mwanzoni, makofi ya kuagana mwishoni. Nilikuwa nashika makofi ya mwanzo, nashika ya mwisho, nabana sauti iliyo katikati mpaka ncha zote mbili zikae. Mafundi wa Kigoma mjini walikuwa wanatuma watu kuniuliza nafanyaje. Nikaanza kutembea nimenyoosha mgongo, na hapo ndipo kosa liliponikuta.

Mwaka 2014, masika yakiisha, aliingia mtu wa makamo anaitwa Bonifasi, ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Alileta mkanda wa jubilei ya ndoa ya wazazi wake, uliopigwa Kitanga miaka kadhaa nyuma. Baba yake, Mzee Stefano, alikuwa ameshafariki. Bonifasi aliniambia kwamba siku ile mzee alitoa maneno ya kuachia mji wake, yaani nani aongoze nyumba yake, na yeye na mdogo wake Gaspari, anayefanya kazi Kibondo, hawakubaliani alisema nini. Kila mmoja anakumbuka vyake. Wanataka diski ili waangalie pamoja, yaishe.

Nilisikia, lakini sikusikiliza. Nilichotaka mimi ni makofi. Nikaingiza mkanda, nikayakuta: makofi mazuri mno mwanzoni, mazuri mno mwishoni. Sauti ilikuwa imechelewa mwishoni, nikaibana sawasawa njia nzima kama mtu anavyolegeza mpira wa manati, ncha zikakaa. Mwanzo nikautazama, mwisho nikautazama. Katikati sikutazama. Nikachoma, nikampa Bonifasi diski na mkanda wake, akashukuru.

Wiki tatu baadaye, Jumanne asubuhi, aliingia bibi mmoja peke yake. Mwembamba, amejifunga kitenge cha rangi ya udongo, ana mfuko wa plastiki kifuani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia shikamoo yangu. Alikuja mpaka mezani, akanitazama mdomo.

"Wewe ndiwe uliyemharibu mume wangu?" akauliza kwa Kiha.

Akatoa mkanda na diski kwenye mfuko, akaviweka mbele yangu.

"Stefano hakuwa mwongo. Wewe umemfanya aseme uongo mbele ya watoto wake."

Huyo alikuwa Mama Koleta, mama yao Bonifasi na Gaspari. Nilianza kumjibu huku nimeinamia deki, akanigonga begani. "Nitazame ukisema. Mimi sisikii." Masikio yake yalikufa kwa homa akiwa bado na watoto wachanga. Kusema alisema kama mtu yeyote, ila maneno ya wenzake aliyaona midomoni, na ya mumewe aliyaona vizuri kuliko ya mtu mwingine duniani.

Nikamuuliza, polepole, mama, kama husikii umejuaje kwamba sauti imeharibika?

Vijana, jibu lake nimelibeba mpaka leo. Alisema siku ile walipotazama diski kwa Bonifasi, ukoo mzima umejaa sebuleni, yeye hakuhitaji kutazama kioo. Maneno yale anayajua. Alikaa pembeni ya TV, akatazama nyuso za watu. Mzee alipomwekea yeye mkono begani na kusema neno lake, nyuso zote zilikuwa baridi, hakuna aliyeshtuka. Kisha mkono wa mzee ukahamia kwa Bonifasi, na hapo ndipo watu wote wakageuka kwa pamoja kumtazama Bonifasi. Akajua kuna kitu kimefika kimechelewa. Akanyoosha mkono, akaigusa sabufa, lile spika la mdundo, kwa kiganja, akamtazama mumewe. Mdomo wa mzee ulikuwa umefumba na kiganja chake yeye bado kinatetemeshwa na mdundo.

"Sauti yake ilikuwa inamfuata nyuma," akasema, "kama mtu anayeitwa hasikii."

Nilikaa chini. Nilikuwa na vifaa vya Bi. Mwanaidi, kompyuta, vilima vya sauti, miaka yote ya redio, na kosa langu lilikuwa limeonwa na bibi asiyesikia kwa kutazama nyuso za ndugu.

Nikatia diski yangu, nikaenda moja kwa moja katikati. Mzee Stefano amesimama uani Kitanga, fimbo mkono wa kushoto, mkewe kulia kwake, wanawe wawili wanafuata, na baada yao sufuria kubwa ya pombe. Alikuwa anaongea Kiha, nayageuza maneno yake hapa. Kwenye diski yangu mkono ulipokuwa kwa Bonifasi, sauti ilisema, "Baada yangu, mkubwa wa mji huu ni huyu." Mkono ulipokuwa kwa Gaspari, "Na wewe utasikiliza anachosema." Na mkono ulipokuwa umeteremka kuelekea sufuria, "Nawe pia." Ukoo mzima ulikuwa umeitazama ile na hakuna aliyejiuliza mzee alikuwa anaiagiza nini sufuria.

Mama Koleta alinieleza yaliyofuata. Bonifasi si mtu mbaya, alilisema hilo mwenyewe kabla sijauliza. Akiwa sasa ndiye mkubwa wa mji, aliamua kwamba mama asiyesikia asikae peke yake Kitanga, mwizi atakuja asimsikie, moto utawaka asiusikie. Akamhamishia mjini, kwenye chumba cha uani, godoro jipya, umeme. Jumamosi ile wangekwenda kuezua bati za nyumba ya Kitanga na kugawa kuku.

"Uliwaambia?" nikauliza.

"Niliwaambia mara tatu. Wakaniambia, mama, wewe husikii."

Nikamwita Bi. Mwanaidi, nikamweleza yote bila kujitetea, maana hakukuwa na la kujitetea. Alisikiliza, akaenda akafunga mlango wa mbele, mchana kweupe, wateja wakiwa barazani. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada ya siku ile.

"Itengeneze," akasema. "Halafu utakwenda kuwaambia mwenyewe kwa mdomo wako. Mimi nitakusindikiza ili usikimbie."

Tulianza na mkanda. Niliutoa kidogo nje ya kasha lake, nikausogeza mbele ya dirisha, na nikaona kilichonishinda. Sehemu yote ilikuwa safi isipokuwa mahali pamoja, urefu wa mkono hivi, palipokuwa pamechubuka na kukunjamana. Nikamwonyesha mama. Akaangalia pembeni kwa aibu. Mzee alikuwa ameacha TV ndogo ya betri na deki. Tangu afe, jioni zote Mama Koleta alikuwa anatia mkanda ule bila sauti, anamtazama mumewe akisema yale maneno, anarudisha nyuma, anatazama tena. Mahali alipopapenda ndipo palipochakaa. Na mahali palipochakaa ndipo kompyuta yangu ilipokuwa inaruka picha, zote karibu pamoja, wakati mimi nilibana sauti kana kwamba zimepotea kidogokidogo njia nzima. Kwa hiyo ncha zilikaa na katikati mzee akachelewa sekunde tatu. Hili lishikeni, kwa sababu hakuna kitabu kilichoniambia: mikanda ya watu haichakai popote tu. Kabla hamjaingiza mkanda muulizeni mwenyewe anapenda kutazama wapi, na hapo ndipo mkae mkodolee macho.

Nilifuta kichwa cha deki mara mbili, nikaingiza vipande vifupifupi. Bado palikuwa na mikato kumi na moja, na hapakuwa na makofi humo ndani hata moja. Mzee alikuwa na ndevu, na mkanda ulikuwa na mvua ya michirizi, mimi mdomo wake nilikuwa siuoni. Nikamwambia mama akae kwenye kiti changu.

Nikazima sauti, nikaipeleka picha polepole. Akaegemea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Hapa, 'baada'. Hapa, 'yangu'. Hapa amenyamaza, anameza mate. Alikuwa na kiu, nilimkataza kunywa kabla ya kusema."

Nikaangalia vilima vya sauti. Kilima, kilima, halafu bonde dogo, la mtu anayemeza mate. Lilikuwepo. Nikalisogeza likakaa chini ya koo la mzee. Tukaenda neno kwa neno hivyo hivyo, Jumanne mpaka umeme ukakatika saa nane mchana, na Jumatano tangu asubuhi. Kila kipande nilichokiweka, aliweka kiganja juu ya sabufa ya studio, akamtazama mumewe. "Bado." Nasogeza. "Bado, unywele mmoja." Nasogeza. Kisha aliinua kidole tu, na mimi nilipovaa spika zangu za masikioni nikasikia kwamba imekaa. Hakukosea hata mara moja. Nimefanya kazi na watu wenye masikio makali sana maishani mwangu, na sijawahi kuona jambo kama lile. Nilijiona mdogo, na nilifurahi kujiona mdogo.

Ijumaa mchana tulikwenda kwa Bonifasi, mimi nimebeba sabufa ile, Bi. Mwanaidi amebeba diski, Mama Koleta mbele yetu. Gaspari alikuwa amefika kutoka Kibondo, na ngazi ndefu ya kuezulia bati ilikuwa imeegemezwa kwenye pikipiki ya mizigo uani, tayari kwa kesho. Waliniamkia vizuri. Nikabaki nimesimama.

"Wanangu, diski niliyowapa ina kosa, na kosa ni langu. Maneno ya mzee wenu niliyachelewesha. Nimekuja na iliyo sawa."

Nikaicheza. Mkono wa mzee ukatua begani kwa mkewe, na sauti ikatua nao: "Baada yangu, mkubwa wa mji huu ni huyu." Mkono ukaenda kwa Bonifasi: "Na wewe utasikiliza anachosema." Kwa Gaspari: "Nawe pia." Mkono ukateremka, mzee akanyamaza, sufuria ikabaki kuwa sufuria.

Bonifasi alikuwa anatazama sakafu. Halafu akauliza, na haki yake alikuwa nayo:

"Mzee wangu, ile ya kwanza ulisema iko sawa. Hii nayo unasema iko sawa. Sasa mimi nitajuaje? Si unaweza kuisogeza utakavyo?"

Alisema kweli, naweza kuisogeza nitakavyo. Hiyo ndiyo kazi yetu. Nikajiona tayari nimekuwa fundi aliyekuja kusema uongo wa pili ili kufunika wa kwanza.

Gaspari ndiye aliyeinuka. Ni mtu wa maneno machache. Akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akaizima sauti kabisa. Akaenda mbele ya mama yake, akamwonyesha kioo kwa kidole.

"Mama, anasema nini?"

Mama Koleta hakusogea alipokuwa amesimama. Alimtazama mumewe, na mdomo wa mzee ulipofunguka, wa kwake ukafunguka. Alisema naye. Hakumfuata nyuma wala hakumtangulia, alisema pamoja naye, akimeza mate pale alipomeza, akipumua pale alipopumua, kwa sauti yake kavu ambayo yeye mwenyewe hajaisikia miaka yote ile. "Baada yangu..." Na katikati ya neno Gaspari akaipandisha sauti. Mzee Stefano akatokea ndani ya sauti ya mkewe, nene chini ya nyembamba, "...mkubwa wa mji huu ni huyu," na hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata uzi kati yao. Mama Koleta hakujua kwamba sauti imewashwa. Aliendelea mpaka mwisho, "Nawe pia," na wote wawili wakanyamaza kwa wakati mmoja.

Bi. Mwanaidi alikuwa amejifunika uso kwa ushungi. Mimi machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilikuwa nimeona sauti ikijichora, nimeona makofi yakisimama kama miti, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumpenda mwenzake kwa usahihi kiasi hicho.

Bonifasi alikaa ameinamisha kichwa. Kisha akainuka, akalivuta kochi, akakaa ana kwa ana na mama yake, karibu, ili mama auone mdomo wake vizuri. Nadhani ilikuwa muda mrefu tangu afanye hivyo.

"Mama," akasema taratibu, "unataka tufanye nini?"

Mama Koleta akawatazama wanawe wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Kesho mnirudishe nyumbani. Na ile ngazi yenu msiiache. Bati la jikoni linavuja."